Wauza vyura mnaodanganya watu eti "joto la chumba linatosha" nyie ni matapeli

Wakuu heshima kwenu, leo nimevurugwa kwa hiyo mtanivumilia.

Niko Minnesota, Marekani, waliopo huku wanajua Januari ilivyo, hita ya nyumba tunaiacha nyuzi 68 za Farenheit, kama 20 za Selsiasi, maana bili ya gesi haina utani. Binti yangu kataka chura, wale vibete wa Kiafrika (African dwarf frog) wanaoishi majini, hawafiki hata inchi mbili. Duka linawauza wawili wawili ndani ya kibox cha plastiki, kuna kamwanzi na vijiwe vya rangi, maji hata lita mbili hayafiki. Nikamuuliza muuzaji mbele ya mke wangu, hawa hawahitaji hita? Kajibu bila kupepesa, hapana kaka, joto la chumba linatosha.

Chumba gani?? Hawa vyura asili yao ni misitu ya Kongo na Kameruni huko, wanataka maji ya nyuzi 75 mpaka 80, yaani kama 24 hadi 27 za Selsiasi. Chura hana joto lake mwenyewe, maji yakipoa na yeye anapoa, chakula hakisagiki tumboni, kinga inashuka, fangasi wanamvaa. Asubuhi nikachovya kipimajoto cha jikoni kile cha nyama, 64!! Mmoja kalala chini kanyoosha miguu, minyoo ya chakula chake inampita puani hata hashtuki, anapanda juu kuvuta hewa kwa shida halafu anazama tu kama jiwe. Jioni yake kafa, mtoto analia nyumba nzima.

Narudi dukani jamaa ananiambia yeye kwake ana chura na hajawahi kumuwekea hita. Akanionyesha picha kwenye simu, naangalia mikono ya mbele, vidole vimeachana havina utando. Huyo si chura huyu bana! Huyo ni yule mkubwa wa Afrika Kusini, Xenopus, yeye maji ya baridi baridi ndo anayapenda. Wangu wana utando miguu yote minne. Mtu anauza kitu hakijui na anakupa ushauri kifua mbele.

Hawakuishia hapo, wakaniuzia kihita bapa hakina hata kitufe cha kuchagua nyuzi, chenyewe kinapasha tu muda wote, mchana nyumba ikiwa na joto maji yanapanda, usiku yanashuka, na kwenye maji kidogo vile mabadiliko yanakuwa ya ghafla. Hita ya maana ni ile ya kuzamisha yenye themostati, yaani inajiwasha na kujizima kulingana na joto la maji, na inataka tenki la lita 20 kwenda juu, wati 25 hivi. Kwa hiyo kile kibox chao hakuna hita salama ya kukiwekea, wanajua, na bado wamekipanga pale kaunta usawa wa macho ya watoto!

Tenki nimenunua kwingine, hita ya kweli na kipimajoto cha kubandika, yule aliyebaki saa hizi yuko nyuzi 77 na kaanza kula.

Sasa meneja kanipigia, hela harudishi, eti niende nikachukue kibox kingine bure. Hivi huyu ana akili timamu kweli?