Njia ya watalii imegeuka korongo na kumharibia mtu shamba: tuanzie wapi?

Katibu_Vijana
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya vijana katika kijiji kinachopakana na Msitu wa Hifadhi Asilia wa Magamba, wilayani Lushoto. Mwaka jana tulifanya msaragambo tukachimba njia ya miguu ya kilometa sita hivi, kutoka barabarani hadi kwenye jabali ambalo ukisimama juu yake unaiona nyika yote iliyo chini, kwa matumaini kwamba watalii wanaoishia Irente, jabali maarufu la kutazamia mandhari karibu na mji wa Lushoto, watafika na kwetu. Masika yalipoingia, kipande kinachoshuka moja kwa moja ubavuni mwa mlima kiligeuka korongo linalonifika magotini, na tope jekundu likafunika matuta matatu ya kabichi ya mama mmoja, ambaye sasa ameiziba njia kwa miiba. Naomba ushauri wa namna ya kuitengeneza upya na namna ya kumalizana na huyo mama.

Bwanashamba_Mstaafu
Kijana wangu, mlichochimba ni mfereji. Njia ikishuka sambamba na maji, maji huifuata mpaka chini na kuzidi kuichimba. Tengenezeni fremu ya A, yaani kifaa cha kupimia mteremko chenye umbo la herufi A, kwa miti mitatu, kamba na jiwe, kisha mpime njia inayokata ubavu wa mlima kwa mshazari: kila mita 10 za mwendo isipande zaidi ya mita 1, na mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima wenyewe. Ukingo wa nje uwe chini kidogo kuliko wa ndani, ili maji yaivuke njia na kumwagikia majanini. Kwenye kona watu watataka kukatiza, kwa hiyo pangeni mawe na kupanda majani ya Guatemala, ambayo wazee wa huko wanayafahamu vizuri tangu mradi wa hifadhi ya udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi. Korongo la zamani msiliache wazi. Lizibeni kwa vizuizi vya mawe kila baada ya hatua chache.

Mpimaji_wa_Vijiji
Nakubaliana na Bwanashamba, ila mimi ningemwendea huyo mama kabla ya kushika jembe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, lakini kusimamia si kumkatia mtu shamba lake kwa sababu vijana wamepata wazo zuri. Mlipeni kabichi zake kwanza. Baada ya hapo pelekeni ramani ya njia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kila mwenye shamba linaloguswa akubali mbele ya watu na iandikwe kwenye muhtasari, kisha njia iingizwe katika mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji na kulindwa kwa sheria ndogo. Kipande kinachoingia msituni kinahitaji kibali cha maandishi cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa mdomo haitoshi, hata kama mlinzi ni shemeji yako. Na mkijenga banda la kupumzikia, likae zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka.

Mwongozaji_Mtae
Nawaongoza wageni kwa miguu, na naongeza jambo moja tu. Mtalii atapita mara moja, lakini mama mwenye tenga la nyanya kichwani atapita kila siku ya gulio. Mkiweka ngazi penye mwinuko, na zikawa ndefu kwa mguu wake, atachepuka pembeni, wengine watamfuata, na baada ya msimu mmoja mtakuwa na njia mbili zinazobomoka. Mwiteni mama kama huyo azijaribu ngazi akiwa na mzigo kabla hamjazikaza.

Katibu_Vijana
Asanteni sana. Jana jioni nilikwenda kwa yule mama pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Fedha ya kabichi amepokea, miiba bado hajaiondoa, lakini amesema Jumapili atakuja mwenyewe kutuonyesha maji yanakopita mvua ikinyesha, kwa kuwa siku tulipochimba hakuna aliyemuuliza.