Mrejesho: Babu na bibi wamefika, na mtoto hakulia

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliomba ushauri: wazazi wangu walitaka kuja Dar kutoka Dodoma kuwaona wajukuu, nikahofia mgongo wa baba kwenye basi, na mwanangu wa miaka mitatu alikuwa anawajua kwa simu tu. Mlinishauri wapande treni ya SGR, na nisimlazimishe mtoto kumbatio.

Asanteni sana. Hiyo treni iliyoanza kufika Dodoma 2024 imenifaa mno. Saa nne hazikuisha, baba akashuka anatembea mwenyewe.

Mtoto alijificha nyuma ya gauni langu. Mama hakumwita wala hakumvuta. Alikaa mkekani, akafungua kikapu, akatoa mlenda wa kukausha, karanga, na zabibu zimefungwa kwenye kanga. Akaanza kumenya karanga, moja moja, anaziweka kwenye kiganja. Kidogo kidogo mtoto akasogea, akachukua moja. Akachukua ya pili. Mama akamwambia, "Mume wangu, mbona unakula peke yako?" Mtoto akacheka, akamlisha bibi yake karanga mdomoni. Jamani, nilienda jikoni kufuta machozi.

Sasa kila asubuhi anakimbilia kwa babu yake, "Mbukwenyi!" Salamu ya Kigogo ambayo mimi sikuwahi kumfundisha, kafundishwa na babu kwa siku mbili. Mdogo wake wa miezi saba halali tena bila mgongo wa bibi.

Walipanga wiki moja. Nimewaomba wakae hadi mwisho wa mwezi, wamekubali.