Linki fupi ya mkopo imeingia kwenye grupu letu la kikoba, nitajuaje inakoenda kabla sijabonyeza?

MamaVitenge_Kkoo
Wakuu habari za jioni. Nauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu, wanawake 23. Juzi saa nne usiku imeingia meseji kwenye grupu: "Mikopo ya akina mama bila riba, jaza hapa." Chini yake bit.ly na herufi za ajabu ajabu zisizosomeka. Kabla sijaiona, mwenzetu mmoja alishabonyeza. Ukurasa ukamtaka namba ya simu, kisha namba ya siri ya pesa za simu. Akaandika. Asubuhi anaamka, Sh 340,000 za kulipia mzigo hazipo. Huyu mama tumekaa meza kwa meza miaka sita, na jana hakuwa hata na nauli ya kurudi Mbagala.

Siwezi kuwaambia wenzangu wasibonyeze chochote, maana hata muuzaji wetu wa jumla hututumia picha za mzigo mpya kwa linki fupi hizo hizo. Kuna namna ya kuona inakoelekea bila kuifungua? Nina simu tu, kompyuta sina.

FundiSimu_Ilala
Pole sana mama, na mwenzako mpe pole. Namna ipo. Ikiwa ni ya bit.ly, ongeza alama ya kujumlisha (+) mwishoni kabisa, bila nafasi. Badala ya kupelekwa, utaletewa ukurasa wa Bitly wenyewe unaoonyesha anwani ndefu iliyofichwa. Ya TinyURL, andika preview na nukta kabla ya tinyurl.com.

Shida kubwa iko kwenye kidole. Usiiguse mara moja, ishikilie mpaka ije sehemu ya kunakili. Kisha ibandike kwanza pale unapoandikia orodha ya wadaiwa wako kwenye simu, uongeze hiyo + kwa utulivu, ndipo uihamishie kwenye kivinjari. Nimeona wateja wakibandika kwenye kivinjari moja kwa moja, kidole kikateleza, ikafunguka.

Mwalimu_Tabata
Fundi kasema kweli, ila + inaonyesha kituo cha kwanza tu. Ukikuta anwani "ndefu" nayo ni fupi nyingine, ipeleke kwenye tovuti ya CheckShortURL ikufuatilie zaidi. Linki yenye siri yako, kama ile ya kubadilisha nywila, usiipeleke huko.

Na anwani yenyewe isome hivi, dada: baada ya https://, tafuta mkwaju (/) wa kwanza, halafu rudi nyuma kushoto. Maneno yaliyogusana na huo mkwaju ndiyo mwenye nyumba. Ya serikali yetu huishia .go.tz hapo hapo. Ikitokea go.tz katikati kisha nukta na maneno mengine, huyo ni tapeli kavaa sare.

MamaVitenge_Kkoo
Asanteni sana. Nimefanya leo asubuhi kabla sijafungua meza, mkono unatetemeka. Nimeona kwa macho yangu: inaanza na neno mikopo, inafuata go.tz, halafu nukta, neno refu, na mwisho .xyz ndipo mkwaju. Kumbe mwenzangu alisoma mwanzo tu, na mimi ningesoma mwanzo tu.

Ya muuzaji wetu nayo nimeijaribu, imetoka albamu ya picha kama siku zote.

FundiSimu_Ilala
Safi. Hiyo ya muuzaji ipime kila anapotuma mpya, na hata ya zamani ukiirudia. Baadhi ya huduma humruhusu mwenye linki kubadilisha inakoelekea baadaye. Mwenzako abadilishe namba ya siri leo hii kama bado, apige simu huduma kwa wateja ya mtandao wake na aripoti polisi. Namba iliyotuma meseji ile itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

MamaVitenge_Kkoo
Namba ya siri alishabadilisha, polisi naenda naye kesho mchana. 15040 nimeshatuma. Jumamosi kwenye kikao, kabla ya kuhesabu hisa, kila mmoja ataongeza + kwenye simu yake mwenyewe mbele yangu.