Mjadala: Je, darubini mpya zipewe muda wa kuchunguza mabaki ya supanova katika galaksi jirani?

Ipo hoja isemayo kwamba saa chache za darubini kubwa ziende kwa galaksi za mbali kabisa, na kwamba anayetaka mabaki ya supanova, yaani gesi na vumbi vilivyotawanywa na nyota iliyolipuka, atosheke na yale ya galaksi yetu, kama Cassiopeia A, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 11,000. Mimi naipinga.

Mabaki yapatayo 300 yamekwisha kutambuliwa katika galaksi yetu, lakini tunayatazama tukiwa ndani ya vumbi lile lile linaloyaficha, na umbali wa mengi ni wa kukadiria. Ukikosewa, ukubwa na nishati navyo vinakosewa, kwa kuwa hukokotolewa kutokana nao. Katika galaksi ya M33 yote yako karibu umbali mmoja, takriban miaka ya nuru milioni 2.7, kwa hiyo yanaweza kulinganishwa kwa haki.

Kuyatambua ndiko kunakodai darubini kali. Kigezo kilichozoeleka ni kulinganisha mwanga wa salfa na ule mwekundu wa hidrojeni: uwiano ukizidi 0.4, yaelekea gesi hiyo imepigwa na wimbi la mshtuko, wala haikuangazwa tu na nyota changa. Lakini katika galaksi ya M83, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 15, mabaki yenye upana wa miaka ya nuru 60 hayafikii hata sekunde moja ya tao angani (sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na msukosuko wa angahewa huyachanganya na gesi iliyo kando yake. Darubini ya kioo cha mita 39 inayojengwa Cerro Armazones, Chile, imebuniwa kuusahihisha msukosuko huo.

Nakiri kwamba gesi yenye joto kali huonekana vizuri zaidi kwa eksirei, na Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa angani mwaka 1999, bado haijapata mrithi mwenye ukali wa picha kama wake.

Hata hivyo, wapenzi wa galaksi za mbali wanayahitaji mabaki haya kuliko wanavyokubali. Vumbi la galaksi hizo, tunazoziona zilivyokuwa zama za kale, mara nyingi huhusishwa na supanova, ilhali wimbi la mshtuko linalorudi ndani ya mabaki huweza kulisaga vumbi hilo kabla halijatoka. Kiasi kinachosalia hakipimiki bila mabaki mengi ya umri tofauti, yenye umbali unaojulikana. Wanaopinga watuambie: watayapata wapi, kama si katika galaksi jirani?