Mjadala: Chombo cha tanga, tukiunde au tukinunue?

Mtoa hoja, Moshi

Sisi wanane wa chama kimoja cha akiba hapa Moshi tumekubaliana kuweka chombo cha tanga Pangani, kiwapeleke wageni wanaoshuka mlimani hadi fungu la mchanga la Maziwe, huko baharini, lakini tumegawanyika juu ya namna ya kukipata. Wenzangu wanne wanataka tuunde mashua mpya. Mimi nasimama na wanaosema tununue iliyokwisha kutumika. Sababu yangu si bei peke yake. Mbao inayosifiwa na mafundi wa pwani ni mvule, na yeyote aliyesimama chini ya mvule mkubwa wa msitu wa Rau, hapa kwetu, anajua kwamba mti wa namna hiyo haurudi katika umri wa mtu aliyeukata. Kuuangusha ili mgeni apungwe na upepo kwa saa mbili naona ni ubadhirifu, na ningependa serikali ikataze kabisa mvule kwa vyombo vya starehe. Chombo cha zamani mti wake ulikwisha kukatwa, hakidai kitu tena.

Jibu, Arusha

Mwanangu, huruma yako kwa mti naiheshimu, ila hesabu umeianzia katikati. Naishi Arusha lakini nimelelewa Pangani, na kopo la kutolea maji chomboni nililishika kabla ya kalamu. Chombo kikuukuu hakiachi kudai: mwaka huu ubao wa chini, mwakani mataruma mawili, yaani mbavu za chombo, na kila kipande kinatoka kwenye mti uleule unaouonea uchungu. Mimi nilipata kununua cha namna hiyo. Kilikuwa kimepakwa rangi kikang'aa, na muuzaji alinionyesha kikiwa kinaelea, jambo ambalo peke yake lilitosha kunishtua. Wiki moja baada ya kulipa kilipwelewa, maji yakatoka kikabaki mchangani, nikachoma kisu kandokando ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kikazama hadi mpini.

Kuhusu mvule, si lazima. Muheza, ambako mtapita mkishuka, kuna shamba la misaji, yaani mitiki, la Longuza, miti iliyopandwa ili ivunwe, na msaji hustahimili bahari vizuri. Shida ni mataruma. Miti ya shambani hunyooka, ilhali taruma linataka tawi lililojipinda lenyewe, kwa sababu ukilichonga pinda kutoka kwenye ubao ulionyooka unazikata nyuzi za mti, na hapo ndipo litakapovunjika siku ya upepo mkali. Matawi hayo fundi huyatafuta moja moja, kwa hiyo marufuku yako isiposema neno juu yake, itakuwa imeokoa magogo na kuacha matawi.

Mtoa hoja

Shikamoo, mzee wangu. Habari ya mataruma sikuijua, na neno langu kwamba chombo cha zamani hakidai kitu nalifuta. Juu ya kukataza mvule bado sijasogea. Hata hivyo fedha yetu haitoshi kumweka fundi kazini miezi mingi, hivyo huenda tukanunua tu. Nimewaambia wenzangu tusitoe hata shilingi kabla ya kukiona chombo kimelala mchangani. Nauli yako tutailipa ukikubali kushuka nasi na kisu chako.

Jibu, Arusha

Marahaba. Nauli nitajilipia. Ngojeni siku za bamvua, maji yakitoka mbali.