Naomba ushauri: kumbukumbu za maombi ya serikali ya taarifa za wateja

Wakuu habari zenu. Nafanya kazi kampuni ya mawasiliano, kitengo kinachopokea barua za vyombo vya dola vinavyotaka taarifa za wateja: nani kampigia nani, saa ngapi, simu ilikuwa wapi. Nimepewa jukumu la kupanga upya kumbukumbu zake.

Kinachonitatiza zaidi ni kuhesabu. Barua moja, muhuri mmoja, inaweza kubeba namba za simu ukurasa mzima, na daftarini ikaandikwa ombi moja. Mkaguzi akija ataona idadi ndogo wakati waliofuatiliwa ni wengi. Hata FBI, shirika la upelelezi la Marekani, yaliikuta: mwaka 2007 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alibaini takwimu zake za barua za usalama wa taifa (za kudai taarifa za wateja bila kibali cha mahakama) zilikuwa pungufu. Je, nihesabu barua, namba au watu? Naegemea vyote vitatu, ingawa wenzangu wanasema najitafutia kazi (hawajakosea sana).

Halafu kuna maombi ya dharura yanayoanza kwa simu. Mengine karatasi haifuati kabisa. Nafikiria kurekodi papo hapo jina na cheo cha mwombaji, sheria aliyoitaja na siku ya mwisho ya kuleta kibali. Asipoleta, niripoti kwa nani?

Pia nataka anayeidhinisha asiwe ndiye anayetoa data, na rekodi isifutike, kosa lisahihishwe kwa mstari mpya. Mliowahi kukaguliwa, mkaguzi huanza kuuliza nini?