Bibi ana sanduku la kanga na kila moja ina kisa chake, narekodi vipi?

Mpangani_84
Habari zenu wadau. Bibi yangu yuko Pangani, ana miaka 80 na ushee, ana sanduku limejaa kanga za tangu usichana wake na ukimshikisha moja tu anaanza, hii nilitoka nayo arobaini nilipomzaa baba yako, hii wifi yangu alikuwa anaivaa makusudi anapita nayo dirishani kwangu ili niisome. Sasa nikiweka simu mbele yake anabadilika kabisa, anakaa kama yuko kwa mkuu wa wilaya, "ndio, zamani ilikuwa hivyo", basi kamaliza. Binamu zangu wengine wako Muscat na watoto wao bibi wanamjua kwa picha tu. Nataka mtu akishika kanga aweze kusikia sauti ya bibi akiielezea hiyo hiyo. Nimesikia habari za QR, ile michoro ya viboksi unayoiskani kwa simu, ila sijui naanzia wapi, na bibi mwenyewe anatumia kitochi. Kama kuna apu ya bure nitajieni.

FundiSimu_Ilala
Apu ya nini mkuu, rekoda iliyomo kwenye simu yako inatosha. Dakika 10 za MP3 ya kawaida ni kama MB 10 tu, unaipandisha Google Drive, unachukua linki, unatengenezea QR. Ila hapo kwenye QR ndo watu wanapigwa, zile saiti za "bure" nyingi zinapitisha linki yako kwenye seva yao, muda wa majaribio ukiisha ukiskani unakuta wanataka hela. Tafuta ya static, linki yenyewe inakuwa imo ndani ya vile viboksi, hiyo haina kuekspaya. Na chagua level H, mchoro ukichafuka hata kama 30% bado unasomeka. Halafu tafadhali usibandike stika kwenye kanga, gundi itaacha doa, print kwenye kikadi kigumu utundike kwa uzi kwenye pindo.

BintiMvita
Huyo wifi 😂😂 Huku Mombasa sisi twaita leso na nyanyangu alikuwa vivyo hivyo, ukimwambia "nieleze maisha ya zamani" hupati kitu. Mimi nilimwambia mapema kuwa nitamrekodi, akakubali, kisha simu naiweka kando kifudifudi na sisi twakunja leso zetu tu. Muulize vitu vidogo, hii jina lake nini, nani alikupa, ulikuwa ukimwambia nani. Tazama na ile chapa, ukiona K.H.E. Mali ya Abdulla hiyo ni ya lile duka la Biashara Street hapa kwetu, wako tangu 1887, na hapo utasikia nani alisafiri akaja nayo. Jambo jingine, usiulize wewe, mpe mtoto aulize. Wewe hadithi ushazijua kwa hivyo bibi anaziruka nusu, lakini mtoto atauliza "kwani huyo wifi alikufanya nini?" na hapo bibi hana budi aanze mwanzo.

Mzee_Kijiweni
Vijana mna haraka. Huyo wifi naye ana watoto na wajukuu na bila shaka wamo kwenye grupu moja la familia na nyie. Kanga huazimwa, inakwenda msibani, inakwenda harusini, kila atakayeiskani atasikia? Muulize bibi kwa kila moja, hii asikie nani. Za kawaida weka wazi, za ndani linki ifungue kwa barua pepe za watu mliowataja tu.
Pia hiyo Drive ni ya nani? Akaunti isipoguswa miaka 2 Google wanaweza kuifuta na vilivyomo. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kuchagua watu hadi 10 wa kupewa vitu vyako ukinyamaza muda mrefu, ijaze. Na flashi moja ikae kwa shangazi.

Mpangani_84
Shikamoo mzee, hilo la kuazimwa sikuwa nimeliwaza kabisa. Mtoto ninaye, dada yangu ana wa miaka 7 anauliza hadi unakimbia. Fundi, kuna voisi bibi alizonitumia kwa simu ya shangazi, kwenye faili naziona PTT halafu tarehe halafu .opus, zinafaa?

FundiSimu_Ilala
Zinafaa sana, VLC inazicheza. Zitoe WhatsApp leo leo kabla hujabadili simu, na kila moja ibadilishe jina maana PTT na tarehe hakuna atakayejua ndani kuna nini. Andika jina la kanga, nani alimpa, na mwaka kama anaukumbuka. Akisema "mwaka ule wa Azimio" we andika hivyo hivyo, 1967 utaiongeza mwenyewe pembeni.